Kazi Yenye Kurasa za Kwanza Tatu

Kabla sijaeleza tukio lolote, inafaa hali ya mambo ijulikane. Katika kitivo chetu cha Himbi, mjini Goma, hatua chache kutoka ziwani, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika kazi ndefu na kuitetea mbele ya jopo. Kanuni ya umbo la kazi hiyo ilikuwa fupi. Kurasa za mwanzo, yaani tabaruku, shukrani na vifupisho, zihesabiwe kwa namba ndogo za Kirumi. Kuanzia utangulizi mkuu hadi kiambatisho cha mwisho, zihesabiwe kwa namba za kawaida, mfululizo, bila kurudi nyuma. Nimeishi ndani ya kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi kitivoni, na sikuwahi kuona mwanafunzi aliyeivuka salama mara ya kwanza.

Wanafunzi wenyewe hawakuwa wazembe. Umeme ndio uliozikata kazi zao vipande. Mtu alianza sura ya kwanza katika duka la kuchapa la Mabanga. Umeme ukapotea mtaa mzima. Akapeleka sura ya pili Birere, alikosikia kuna jenereta. Ya tatu akaimalizia popote alipokimbilia. Kila duka liliandika sura yake katika faili lake, na kila faili, kwa kuwa halikujua kwamba lina ndugu, lilianza na ukurasa wa kwanza. Kazi ikarudi nyumbani ndani ya klé moja, kile kijiti cha kubebea faili za kompyuta, sura tatu zisizofahamiana.

Kisha palikuwa na adabu. Haikufaa mwanafunzi ampe profesa kazi siku za mwisho kama mtu anayedai. Alipaswa kumpelekea nakala nyumbani kwake mapema, imefungwa vizuri, pamoja na salamu za familia. Ndiyo maana nakala za heshima zilifika kwa wanajopo kabla kazi haijapita mezani kwetu, katika ofisi ya kazi za mwisho, ambako nakala moja tu hupigwa muhuri. Nyingine hupigwa chapa baada ya utetezi, pamoja na masahihisho.

Na palikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka. Msimamizi wa kazi hukaa na jopo lakini haulizi maswali. Wanaouliza ni mwenyekiti na wasomaji wawili. Hao watatu, msimu wa utetezi ukifika na kazi zikarundikana hadi kwenye viti vya sebuleni, hugawana kila kazi kwa kurasa. Wewe chukua mwanzo, wewe katikati, mimi mwisho. Sisemi hili kwa ubaya. Hata mikate hugawanywa, wala hatumwiti mlaji mvivu.

Hizo ndizo hali. Sasa naweza kuanza na siku yangu ya kwanza.

Niliajiriwa kwa sababu ya Kilatini. Nilikuwa nikikifundisha katika shule ya sekondari, nikaitwa kitivoni kwa barua isiyotaja kazi yenyewe. Mkuu wa kitivo wa wakati ule alinisimamisha mlangoni kabla sijapata pa kuketi.

"Mwalimu, ine ya Kirumi, wanaandika vijiti ine, ao kijiti moja na V?"

"Zote mbili zilitumika, Bwana Doyen. Warumi wenyewe katika maandishi yao ya mawe—"

"Hapana, mwalimu. Warumi walikufa. Mimi niko na défense saa ine."

Nikamwambia nne ni kijiti na V, utetezi wake usije ukachelewa. Akanishukuru, akanionyesha meza ya katibu wa kazi za mwisho. Usaili wangu uliishia hapo, na nimewahi kuona usaili mrefu zaidi uliotoa matokeo mabaya zaidi.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa mashine ya taipu yenye mkono uliolegea, ambayo tuliitegemeza kwa kipande cha jiwe la volkano. Jiwe hilo lilikuwa sehemu halali ya mashine; lilipopotea tulilitafuta kama tunavyotafuta funguo. Namba ya ukurasa iliandikwa mwisho kabisa, baada ya kazi yote kusomwa, kupangwa juu ya meza na kugongwa kingo zake zilingane. Mtu aliinua karatasi, akaiingiza, akapiga namba, akaitoa. Mashine ile haikuweza kukosea hesabu kwa kuwa haikuweza kuhesabu. Nawasihi, ninyi mnaokuja nyuma yangu, mlitafakari hilo kila mnapoamini kifaa.

Kompyuta zilipofika, tuliambiwa kwamba zitahesabu zenyewe. Ni kweli zilihesabu. Hatukuuliza zinahesabu nini, na kuanzia wapi.

Kesi ngumu ya kwanza ya zama hizo ilikuwa ya kijana mmoja mwenye bidii ya kutisha. Hakuiamini mashine, kwa hiyo aliandika namba za kurasa mwenyewe, kwa vidole, chini ya kila ukurasa, akizisogeza katikati kwa kubonyeza nafasi. Kazi ikapendeza. Kisha msimamizi wake akamwagiza aongeze aya moja tu, karibu na mwanzo. Aya ikaingia, maandishi yote yakateremka, na namba zikateremka pamoja nayo, kila moja ikitua ilipopataka. Siku ya utetezi msomaji mmoja, mtu makini, aliuliza kwa nini mwanafunzi anadai kuwa wakulima wa Kibati huvuna viazi 14 mara mbili kwa mwaka.

"Si viazi kumi na ine, Professeur," kijana akajibu, "ni ukurasa."

"Wanavuna ukurasa?"

Alipita, lakini kwa jasho. Mimi nikaamua kujifunza mashine hii kama nilivyojifunza vitenzi vya Kilatini, yaani kwa kutafuta mwalimu mkali.

Nilimpata Mabanga. Jina lake Mama Mwajuma, wa asili ya Maniema, mwenye duka la kuchapa lenye kompyuta mbili na printa moja aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama mtu afunikavyo mtoto aliyelala. Hakuwa na subira na watu waliosoma sana, na hakuificha hali hiyo. Nilikaa kando yake nikamwonyesha ninavyotenga sura.

"Papa Secrétaire, munafanya nini hapo?"

"Natenga sura, mama."

"Hamutenge kitu. Munabonyeza ukurasa mupya. Ukurasa mupya ni mulango tu, nyumba ni ile ile. Hapa munapashwa kufunga parcelle."

Parcelle, kwa asiye wa Goma, ni kiwanja cha mtu kilichozungushiwa ua. Akanionyesha amri iitwayo saut de section, ambayo huweka mpaka kati ya sehemu na sehemu. Nikauliza kwa nini basi, baada ya mpaka, hesabu hurudi kwenye moja.

"Nyumba ya ndugu yenu iko namba ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ku avenue gani? Kwa sababu kumi na mbili ziko mingi hapa Goma, kila avenue iko na yake. Mashine nayo njo vile. Kama hamuiambie kama avenue ni ile ile inaendelea, itafikiri imefika ku avenue ingine. Itaanza moja. Haina kosa. Ninyi njo hamukusema kitu."

Njo yake ni ndiyo ya Kiswahili cha vitabu. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote, na nimevisoma vingi. Kwa hiyo nawaachia mafundisho ya Mama Mwajuma kama alivyonipa. Kwanza, kitufe kisemacho Lier au précédent, yaani unganisha na kilichotangulia, kinahusu maandishi ya ukingoni tu, hakihusu hesabu. Vijana wengi hukibonyeza na kukibonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango wa jirani akimtafuta mkewe. Hesabu inaongozwa kwingine, katika umbo la namba, ambako mtu huchagua ama kuendelea kutoka sehemu iliyotangulia ama kuanzia namba aitakayo. Pili, ukifuta mpaka kati ya sehemu mbili, ile iliyotangulia hurithi tabia za ile inayoifuata. Ni kinyume cha urithi wa binadamu, ambapo baba hamrithi mwana, na ndiyo sababu watu hushangaa wanapofuta mpaka mmoja mwishoni na kukuta shukrani zao zote zimelala ubavu kama ramani. Tatu, jedwali la yaliyomo halijui lolote mpaka uliamuru lijisasishe. Lisipoamriwa husema ya mwaka jana kwa uso mkavu.

"Na la ine?" nilimwuliza.

"La ine, munilipie karatasi."

Nisiseme kwamba matatizo yote yalikuwa ya mashine. Mtu mzima mmoja, mfanyabiashara aliyerudi shuleni uzeeni, alimshukuru mjomba wake katika ukurasa ii na mkuu wa kitivo katika ukurasa iii. Mkuu wa kitivo aliona. Akaniita akaniuliza, kwa upole wa hatari, kama namba za Kirumi zina maana ya cheo. Nikamweleza kwamba hazina. Nikamweleza mwanafunzi kwamba hazina. Kisha nikawashauri waweke shukrani zote katika ukurasa mmoja, ambapo ugomvi ukahamia kwenye mistari, na mistari si idara yangu.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda, hadi ikafika kesi ya Mama Espérance, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mama Espérance alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka vilima vya Masisi, mama wa watu wazima, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Kazi yake ilieleza jinsi wanawake wa ushirika mmoja walivyoendelea kutengeneza jibini, ambayo huku tunaiita fromaji, hata baada ya vita kuwatoa vilimani na kuwatupa barabarani. Naye alikuwa mmoja wao. Misimu miwili ya utetezi ilikuwa imempita: mmoja barabara ilifungwa, mwingine mlima uliamua kutema moto. Sasa shule moja ya kilimo ilikuwa imemwekea darasa la kufundisha ufugaji na maziwa, kwa sharti kwamba aje na shahada masomo yatakapofunguliwa. Asipokuja nayo, yuko kijana mwingine aliyekuwa nayo tayari. Masomo yalikuwa karibu kufunguliwa. Kwa hiyo msimu huo ulikuwa wa mwisho kwake, na sote ofisini tulilijua hilo.

Sura zake tatu zilichapwa Mabanga, Birere na Kibati, kwa kufuata njia ya maisha yake. Alizichapisha zote, akazifunga pamoja, akawapelekea wanajopo nakala za heshima. Alipokuja ofisini kutafuta muhuri, nilifungua klé nikakuta kurasa za kwanza tatu. Msimamizi wake alikuwa amesoma sura moja moja kadiri zilivyomfikia, kwa hiyo kwake kila sura kuanza na moja kulikuwa jambo la kawaida kabisa.

"Mama," nikamwambia, "kazi yako inazaliwa mara tatu."

"Ni mubaya, papa?"

"Inarekebishika."

Tuliunganisha faili, tukaweka mipaka, tukaiamuru hesabu iendelee, tukaligeuza ubavu jedwali la mifugo bila kuwapindua majirani zake. Nakala ya muhuri ikatoka na kurasa zinazofuatana kama watoto wa komunyo. Tatizo lilikuwa zile nakala za heshima. Kumwendea profesa ukamwambie arudishe zawadi kwa kuwa ina kasoro, haiwezekani. Niliandika notisi fupi kwamba nakala ya muhuri ndiyo ya kurejelewa, nikaiweka katika visanduku vya wanajopo. Visanduku hivyo hufunguliwa siku ya mishahara.

Jopo liliongozwa na Profesa Anselme, aliyekuja kwa mashua kutoka Bukavu kila msimu, mtu mwenye sauti ya kengele na haraka ya msafiri. Msomaji wa kwanza alikuwa Jérémie, chef de travaux, yaani mhadhiri ambaye bado si profesa, mtiifu kupita kiasi. Wa pili alikuwa msaidizi kijana, Claudine, ambaye ndiyo kwanza aingie katika jopo. Baadaye nilielezwa jinsi mwenyekiti alivyowapigia simu: Jérémie achukue ukurasa wa kwanza hadi wa thelathini, Claudine wa thelathini na moja hadi sitini, naye mwenyewe atashika kutoka sitini na moja hadi mwisho, penye hitimisho.

Sasa mwenye kupenda hesabu atazame. Katika nakala zao, sura ya kwanza haikufika ukurasa wa thelathini, wala ya pili. Sura ya tatu, pamoja na viambatisho, ilifika thelathini na tatu ikakoma.

Ukumbi ulijaa. Shangazi zake Mama Espérance walikalia safu ya mbele, wote katika kitenge cha aina moja, na vikapu vyao vya fromaji vilikuwa mlangoni vikijitangaza bila kusema. Alieleza kazi yake vizuri, kwa utulivu. Kisha mwenyekiti, kama ilivyo haki yake, akaanza.

"Mama Espérance, tumesoma kazi yenu kwa makini. Iko bidii. Lakini nitawapeleka moja kwa moja ku page soixante-huit." Maana yake ukurasa wa sitini na nane; kwetu namba husemwa kwa Kifaransa hata sentensi yote ikiwa Kiswahili. "Hapo, mama, ninasikitika. Ile page haina msingi wa kinadharia. Munasema nini?"

Mama Espérance aliitazama nakala iliyokuwa mkononi mwake. Nilijua anachokitazama: kitabu kisichokuwa na ukurasa huo. Wenzangu vijana, yapimeni mashaka yake. Akisema ukurasa haupo, amemvua nguo mwenyekiti mbele ya shangazi zake na mbele yetu. Akisema "Merci, Professeur, nitarekebisha", kama wanafunzi wote wasemavyo, amekiri kwa mdomo wake kwamba kazi haina msingi, na kazi isiyo na msingi hurudishwa msimu ujao. Alifunika nakala, akageuka.

"Papa Secrétaire, niko na ruhusa ya kuona ile ya muhuri?"

Ilikuwa haki yake. Nikampelekea. Akaifungua taratibu ukurasa wa sitini na nane, akaukazia macho kwa muda, kisha akauinua kwa mikono miwili ili jopo lote lione.

"Professeur, munasema kweli. Hapa hakuna théorie. Ni fromaji."

Ilikuwa picha ya fromaji, moja, ya duara, imejaa ukurasa mzima.

Ukumbi ulicheka hadi walinzi wakachungulia. Shangazi mkubwa, mwanamke mnene mwenye fimbo, alisema kwa sauti, "Na msingi yake ni maziwa!" Profesa Anselme akasubiri kicheko kipungue, akawageukia wenzake kama mtu anayetafuta mkono gizani.

"Jérémie, ninyi muko na page ngapi?"

"Professeur, mulinipa mupaka trente."

"Na mulisoma?"

"Nilisoma zote. Kila page ya kumi ilikuwa tatu, kila page ya ishirini ilikuwa tatu. Nilisema labda njo système mupya." Akashusha pumzi. "Nilichoka, Professeur."

"Claudine?"

"Mimi nilipata page tatu tu," Claudine akasema. "Niliona mumenihurumia. Lakini nilizisoma muzuri sana. Ni za umunyu, chumvi ya fromaji."

Hapo ile siri ambayo kila mtu aliijua ikawa siri ambayo kila mtu ameisikia, na hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Msimamizi wa kazi alitazama dari. Mwenyekiti aliacha kutabasamu.

"Sikilizeni," akasema. "Kazi yenye kurasa za kwanza tatu ina kasoro ya umbo. Haitetewi. Tunairudisha session ijayo."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Espérance alisimama vilevile, ila nakala ya muhuri aliishusha hadi kifuani. Nikaomba neno. Nikasoma kanuni: nakala ya kurejelewa ni ile yenye muhuri, nayo ina ukurasa wa kwanza mmoja.

Profesa Anselme hakuwa mjinga, nisieleweke vibaya. Alinijibu papo hapo, na alikuwa sahihi.

"Vizuri, Muzee. Lakini ile ya muhuri sisi hatukuisoma. Jopo haiwezi kuhukumu kitu haikusoma."

Nimefundisha mantiki pamoja na Kilatini, na ninajua mlango ukifungwa vizuri. Niliketi. Aliyesema alikuwa Mama Espérance, kwa ile sauti yake ndogo.

"Professeur, kosa ni yangu. Ninyi muligawa kama watu wenye akili, mimi nilileta kitu yenye kugawanya vibaya. Chef Jérémie amesoma karibu yote, masikini. Dada Claudine amesoma umunyu. Inabakia yenu, kutoka soixante-et-un mupaka mwisho. Si mingi. Sisi tulingojea session mbili. Kungojea muzee mwenzetu asome kidogo, si kitu. Musome tu. Tuko hapa."

"Hapa?"

"Hapa, papa," shangazi mkubwa akaitikia. "Hatuna haraka. Fromaji haikimbie."

Angeweza kukataa. Nimefikiri mara nyingi kwa nini hakukataa, na nadhani ni kwa sababu alikuwa ameitwa muzee mwenzetu na mtu ambaye angeweza kumwita kitu kingine. Alinyoosha mkono, akapewa nakala ya muhuri, akavaa miwani. Na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zangu, mwenyekiti wa jopo alisoma sehemu yake mbele ya mashahidi.

Ukumbi ulitulia kama kanisa kabla ya ungamo. Jérémie alijipepea. Claudine alianza kusoma akichungulia juu ya bega la mwenyekiti, naye akamwachia. Kila ukurasa ulipogeuzwa, safu nzima ya kitenge iliinamisha vichwa kidogo, kama watu wanaohesabu ng'ombe wakiingia zizini.

"Professeur," shangazi akasema, "mumegeuza mbili."

"Zilishikana, mama."

"Sawa, papa. Murudie."

Akarudia. Kuanzia hapo naapa alisahau kwamba tunamtazama. Alitoa kalamu. Aliinamia jedwali, akarudi nyuma, akaweka alama, akaenda mbele tena. Alipovua miwani hakuwa mtu aliyefumaniwa tena. Alikuwa msomaji, na msomaji hodari ni kitu cha kuogofya.

"Ku soixante-et-onze, mama, munasema wanawake, kisha kukimbia, walipunguza muda wa kuivisha fromaji, kwa sababu hawakuwa na nyumba ya kuiweka. Ku quatre-vingt-trois munasema wanunuzi walisema utamu ni ule ule. Fromaji ya muda mufupi haina utamu wa ile ya muda murefu. Mimi ninaikula. Page moja kati ya hizo mbili inadanganya. Muchague."

Ukurasa wa sabini na moja dhidi ya wa themanini na tatu: lilikuwa swali la kweli, na aliyeuliza alitaka jibu. Nilimwona Mama Espérance akilipokea kwa namna ambayo hakuwa amelipokea lile la kwanza. Alisimama wima zaidi.

"Hakuna yenye kudanganya, Professeur. Wanunuzi tulikuwa sisi kwa sisi. Wa kwetu, wa vilima, tuliokimbia pamoja. Sikuuliza mutu wa mjini. Mutu akila kitu ya kwao akiwa mbali na kwao, hahesabu imekaa siku ngapi."

"Basi kwa nini hamukuandika vile? Mumeandika 'wanunuzi', kama vile ni watu wa soko. Mumewaficha."

"Ni kweli," akasema. "Niliwaficha. Niliona haya kuandika wakimbizi mara nyingi."

"Muandike. Njo kazi yenu yote iko hapo."

Jérémie akauliza swali lake kuhusu maziwa ya asubuhi, akitaja sura kabla ya ukurasa, kwa tahadhari ya mtu aliyeungua. Claudine akauliza ya umunyu, na maswali yake yalikuwa makali kiasi kwamba msimamizi aliandika. Kisha jopo likajitenga kujadili, nami nikaingia nalo kama katibu, kwa hiyo yaliyosemwa humo hayatatoka kwangu.

Mama Espérance alipita kwa distinction, kwa sharti la kuandika upya ukurasa wa themanini na tatu, naye aliuandika upya siku iliyofuata. Profesa Anselme aliondoka na mashua yake akiwa na fromaji mbili. Kitivo kilitoa agizo kwamba nakala zote zipite ofisini kwetu kabla ya kupelekwa nyumbani kwa mwanajopo yeyote. Wanajopo wanaendelea kugawana kazi. Siku hizi hugawana kwa sura. Masomo yalipofunguliwa katika shule ile ya kilimo, darasa la ufugaji na maziwa lilipewa Mama Espérance, na anafundisha huko mpaka leo.